Nembo ya Bi Nungunungu na PA Iliyopungua

Wewe unayesikiliza, hebu nijibu: mtu akikuonyesha kazi ya mikono yake akakuuliza, "Unaionaje?", umewahi kumwambia ukweli? Usinikodolee macho. Ulisema "inapendeza", ukaenda zako. Basi wanyama nao walikuwa hivyo hivyo, na yaliyowapata ndiyo haya.

Mwaka huo mvua iligoma kabisa. Mito ilibaki mchanga mtupu, mabwawa yakawa tope kavu lililopasuka, na katika mbuga nzima maji yalisalia mahali pamoja tu: chemchemi ya Chamvumo, iliyojificha nyuma ya mawe makubwa, mahali ambapo hata anayepajua hupakosa. Pundamilia na jamaa zake walizunguka kichuguu kimoja siku tatu wakidhani wanasafiri. Siku ya nne Kobe akawauliza kwa adabu, "Samahani, ninyi mko mazoezini?"

Habari zikamfikia Simba, akaitisha mkutano. Simba mnamjua. Kupotea kwa wanyama hakukumsumbua hata kidogo. Kilichomkera ni kwamba waliopotea hawakufika kumwamkia.

"Nataka vibao!" alinguruma. "Kila njia iwe na kibao. Nani anajua kuandika?"

Bi Nungunungu akainua mkono. Huyu alikuwa fundi wa vibao tangu ujana wake, na hakuwahi kuhangaika kutafuta brashi. Akitaka kuandika, huchomoa mwiba mmoja mgongoni, akauchovya kwenye udongo mwekundu uliokorogwa kwa utomvu, kazi ikaanza.

"Vema," alisema Simba. "Nakupa siku saba za majaribio. Vibao vikifaa, kazi ni yako, na wewe na wanao mtakunywa asubuhi pamoja nami, maji yakiwa safi. Visipofaa, mtaendelea kunywa jioni, Ngiri akishamaliza kuoga."

"Kwani mimi nina nini?" aliuliza Ngiri.

Bi Nungunungu alikuwa na watoto wawili, na mwezi mzima walikuwa wakinywa yale ya jioni. Walikuwa wakikohoa tope. Kwa hiyo alirudi nyumbani mbio, miba ikigongana mgongoni kama vijiko kwenye kikapu.

Alichonga kwanza muhuri wa mti wa mninga, uwe nembo ya biashara yake. Kwenye muhuri aliandika maneno mawili, HAPA PANA, na chini yake akachonga mwiba mmoja uliolala. Ujanja wake ulikuwa mwepesi: kila kibao kingeanza na muhuri, kisha yeye angemalizia kwa mkono kilichopo mahali hapo. Siku hiyo hiyo akasimamisha vibao vitatu vya kwanza. Kwenye chemchemi: HAPA PANA MAJI. Kwenye njia ya bondeni: HAPA PANA SHIMO. Na kando ya kichaka kimoja chenye kivuli kizuri, ambacho wageni walizoea kuingia watano kupumzika na kutoka wanne, akaandika: HAPA PANA FISI.

Vilibaki vibao kumi na saba. Kabla ya kuvipiga muhuri, akaona ni busara kutafuta maoni. Akaubeba muhuri wake, akaanza kwa Simba.

"Nzuri," alisema Simba. "Lakini mimi niko wapi?"

"Uko wapi kivipi, Mheshimiwa?"

"Kwenye nembo."

"Ni nembo ya vibao, Mheshimiwa."

"Nimekuelewa. Niko wapi?"

Bi Nungunungu akashukuru, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akaenda kwa Twiga. Twiga hakuinama. Alitupa jicho kutoka huko juu akasema, "Inapendeza sana."

"Huo ni mgongo wangu, Bwana Twiga. Nembo iko huku."

"Nayo inapendeza."

Swala alisema inapendeza. Kongoni alisema inapendeza, kisha akauliza ni kitu gani. Mwishowe fundi akamkuta Sungura amejinyoosha kivulini, mguu mmoja juu ya mwingine, anatafuna jani.

"Kaka Sungura, nimekuja kuomba maoni yako."

"Unataka maoni au unataka sifa?"

"Maoni."

"Kweli?"

Bi Nungunungu akafikiri kidogo. "Anza na sifa."

"Miba yako imekaa vizuri leo," alisema Sungura. "Sasa maoni: inasomeka, usiiguse."

"Basi?"

"Basi."

Fundi aliondoka amenuna. Siku nzima ya kuzunguka juani, na maoni yenyewe ni maneno mawili! Alitaka yajae kikapu. Alitaka wabishane. Akatundika kibuyu kikubwa penye njia panda, akakitoboa tundu, akaandika: TOA MAONI YAKO KUHUSU NEMBO. MAONI YAKO NI MUHIMU. Kando yake akaacha vigome vya mti na vipande vya mkaa.

Aliyekiona wa kwanza ni Fisi.

Fisi alikuwa na majonzi. Tangu jana alikuwa amesimama mbele ya kile kibao cha kichakani kwake akikitazama kama mgonjwa anavyotazama sindano. Mgeni hata mmoja hakuingia. Wanafika, wanasoma, wanasema "Ala!", wanapita upande wa pili. Na Fisi hakuwa na pa kulalamika, kwa sababu kibao kilisema kweli: hapo palikuwa na fisi.

Alijaribu kukifunika kwa majani, upepo ukayapeperusha. Alijaribu kukiegemea kama anayepumzika; akachoka. Ndipo alipoweka kiganja chake katikati ya maandishi, kwa bahati tu, kikaziba herufi mbili. Akasoma kilichobaki. Akasoma tena. Kisha akaanza kucheka kile kicheko chake, mpaka akakaa chini akishika mbavu.

Mchana wake, jua likiwa utosini na kila mnyama amelala kivulini, Fisi aliketi chini ya kibuyu akaandika. Aliandika kwa mkono wa kulia, akaandika kwa mkono wa kushoto, na mara mbili akaandika kwa mguu, ili mwandiko usifanane. Alipomaliza, kibuyu kilikuwa na vigome kumi na vinne.

Bi Nungunungu alipokimimina, alikaribia kuruka. Kumi na vinne! Akasoma cha kwanza: jina ni refu, PA moja iondolewe. Akasoma cha pili: PA mbili ni nyingi mno, moja itoke. Vilivyobaki akavipitisha machoni haraka haraka, na vyote vilisema hivyo hivyo. Wanyama wa mbuga ile hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu upande ambao jua linachomoza, na sasa kumi na wanne wana neno moja! Machozi yalimlengalenga. Akachukua kisu, akaikwangua PA ya pili, akachonga upya herufi zilizobaki zikakaa pamoja. Kwa kuwa wengi waliomba pia mfupa kwenye nembo, akachonga mfupa chini ya mwiba, akarudi nyuma hatua mbili, akasema unaleta uwiano.

Utauliza, fundi wa maandishi, hakusoma alichobakiza? Hakusoma. Alikuwa ameitazama ile nembo siku mbili mfululizo kama picha: unene wa herufi, mkunjo wa mwiba, nafasi iliyopo kati ya hiki na kile. Ukitazama maandishi namna hiyo yanaacha kuwa maneno. Basi akafuta muhuri wa zamani kwenye vile vibao vitatu, akapiga mpya vyote ishirini, akalala usingizi mtamu.

Kulipokucha, Ngiri alikuwa anateremka njia ya bondeni, akakuta kibao: HAPANA SHIMO.

"Vizuri sana," alisema Ngiri. "Huyu mama anajali." Akaongeza mwendo, akatumbukia.

Walipokuja kumtoa, alikuwa bado anabishana na kuta. "Siwezi kuwa shimoni! Nimesoma! Kimesema hapana!"

Mama Swala alipita kichakani na binti yake, wamechoka na jua. Akasoma: HAPANA FISI. "Alhamdulillahi," alisema, "kumbe amehama." Wakaingia kivulini.

"Karibuni, karibuni," ilisema sauti ndani.

"Nani mwenzetu?"

"Aa, mimi? Si mmesoma kibao?"

Walitoka humo kwa kasi ambayo hata upepo haukuwahi kuwaona nayo. Binti alitoka mzima. Mama yake alitoka na nusu ya mkia, na hadi leo mikia ya swala ni mifupi.

Lakini kituko kikubwa kilikuwa Chamvumo. Wanyama waliopanga foleni ya asubuhi walikuta kibao: HAPANA MAJI. Wakasimama.

"Mbona nasikia maji?" aliuliza Kongoni.

"Kibao kimesema hapana," alijibu Pundamilia.

"Lakini nayaona! Yale pale! Yanametameta!"

"Unayaona wewe. Kibao kimewekwa na serikali."

Kongoni akatazama maji, akatazama kibao, akatazama maji. Kisha akashusha kichwa, akageuka na wenzake, wakarudi nyumbani na kiu yao. Nyuma ya mawe Fisi alikuwa amezama mpaka shingoni, anajimwagia maji kichwani, anaimba wimbo wenye neno moja tu: "Hapana, hapana, hapana-a-a!"

Siku ya sita akaja Simba mwenyewe, aliyekuwa amelala siku mbili kwa shibe. Simba hasomi herufi ndogo. Huona ni kazi ya wadogo. Alisoma neno la kwanza, lile kubwa la kwenye muhuri. HAPANA.

Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia Simba hapana, kwa hiyo hakujua kinachofuata huwa ni nini. Halafu akageuka, akarudi kwake bila kunywa, akakaa, na ndipo hasira ikafika. Mngurumo wake uliangusha ndege watatu.

Bi Nungunungu aliletwa, miba yote wima. Mkutano ulijaa: Ngiri na bandeji ya majani, Mama Swala na nusu ya mkia, Kongoni na midomo iliyopasuka kwa kiu.

"Ni nani," aliuliza Simba taratibu, na ule utaratibu ndio uliotisha, "anayeniambia mimi hapana?"

"Si mimi, Mheshimiwa! Ni maoni ya wananchi! Kumi na wanne! Walisema PA moja iondolewe, na mimi..." Hapo akakisoma kibao alichoshikiwa usoni, akakisoma kwa mara ya kwanza. Miba yake yote ikalala chini. "Yarabi," alisema.

"Mheshimiwa," alisema Fisi kwa sauti ya kinyenyekevu, "namhurumia sana dada yangu huyu. Kazi imemzidi. Kama hakuna mwingine, mimi niko tayari kujitolea kuandika vibao. Nitaanza na kile cha kwangu."

Sungura alikuwa ameketi pembeni. Alimtazama Fisi kwa makini. Nchi nzima ilikuwa imekauka, na Fisi alikuwa anadondosha maji masikioni.

"Bi Nungunungu," alisema Sungura, "hivyo vigome unavyo?"

Akaletewa. Akasoma cha kwanza, akakohoa. Akasoma cha pili, akafunika mdomo. Kwenye cha tano alikuwa amelala chali anapiga miguu hewani.

"Dada yangu, ulivisoma hivi?"

"Nilisoma viwili. Halafu nikafurahi."

Sungura akaomba kusema na Simba faragha, yeye na fundi tu. Huko nyuma ya jiwe alimsomea vyote. Simba alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa manyoya.

"Nimejua ni nani," alisema. "Lakini Fisi ana ukoo mkubwa na wote wana makelele. Nikimhukumu kwa vigome watasema nimemwonea. Nataka akiri mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wote. Kesho ndiyo siku ya saba. Akikiri, Bi Nungunungu, kazi ni yako na maji ya asubuhi ni yenu. Na yeye atakunywa wa mwisho hadi mvua inyeshe, baada ya Ngiri."

"Na asipokiri?" aliuliza fundi.

"Basi nimetoa neno langu. Siku saba zimekwisha na vibao havikufaa."

Bi Nungunungu akawaza wanawe na kile kikohozi. Akamgeukia Sungura. "Fisi hawezi kukiri, kaka. Hajawahi kukiri hata kwamba ananuka."

"Kumuuliza hatutamuuliza," alisema Sungura. "Mheshimiwa, kule ghalani una mifupa mingapi yenye uboho?"

"Kwa nini?"

"Nahitaji kumi na minne."

"Mifupa yangu?"

"Tangu sasa ni ya umma, Mheshimiwa."

Simba alinung'unika kama mtu anayeng'olewa jino, lakini alitoa.

Kesho yake asubuhi mkutano ulikuta meza ya mawe katikati ya uwanja, na juu yake mifupa kumi na minne, minene, imepangwa kwa ukubwa, inang'aa. Kando ya meza alikaa Tai, kitambaa shingoni. Fisi alikuwa mstari wa mbele. Alikuja kupokea kazi, lakini macho yake yalikuwa yameshasahau kazi.

"Ndugu wananchi," alisema Sungura, "kabla ya mengine, leo tunatoa Tuzo ya Mtoa Maoni Bora! Kila aliyeandika maoni kwenye kibuyu atapewa mfupa mmoja. Mfupa usiopata mwenyewe atauchukua Tai. Naanza." Akakohoa, akasoma: "'Mimi Swala. PA moja iondolewe. Pia sisi swala tunapenda sana nembo iwe na mfupa.' Mama Swala, njoo uchukue tuzo yako."

"Tuzo gani?" alifoka Mama Swala. "Mimi sijaandika chochote! Na mfupa niufanyie nini, niupikie uji?"

"Hapana mwenyewe," alisema Sungura. Tai akaunyakua, akaupasua: *ka!* Fisi alimeza mate mpaka akasikika nyuma kabisa.

"'Mimi Twiga. Jina refu lote hili linanichosha shingo. Ondoa PA. Mfupa usisahaulike.'"

"Mimi nilisema inapendeza tu," alisema Twiga. "Na sikuwa nimeiona."

*Ka!* Fisi akasogea hatua moja mbele.

"'Mimi Kobe. Nilikuwa napita mbio nikaona niseme neno. PA moja inatosha.'"

Mkutano uliangua kicheko, na Kobe akacheka kuliko wote, ila yeye alichelewa kuanza. *Ka!*

"'Sisi Pundamilia wote, kwa kuwa ni walaji wa nyama...'"

"Nani?" Pundamilia wote waliuliza pamoja. *Ka!*

Sungura hakuharakisha. Kila kigome alikisoma chote, kwa sauti ya mwenye jina, na kila mara jibu lilikuwa moja, na kila mara uboho ulimiminika kooni kwa Tai huku Tai akisema, "Mh, huu una mafuta." Udenda wa Fisi ulikuwa umefanya kidimbwi miguuni. Alikuwa ameng'ata mkia wake mwenyewe ili asiseme.

"Cha kumi na tatu: 'Mimi Nungunungu mwenyewe. Nakubaliana kabisa na wenzangu wote kumi na wawili.'"

Bi Nungunungu akafunika uso kwa mikono. "Hata mimi?"

"Hata wewe." *Ka!*

Ukabaki mfupa mmoja. Ulikuwa wa paja, mnene kama gogo, na uboho ulikuwa unachungulia pembeni, wa njano, unatetemeka. Bi Nungunungu aliwatazama wanawe wawili waliosimama kando ya njia ya maji, mmoja akakohoa.

Sungura akainua kigome cha mwisho. "'Mimi ni mnyama mwingine tu, si Fisi. PA iondolewe.'" Akazunguka uwanja kwa macho. "Mnyama mwingine, si Fisi. Yupo? Hayupo? Basi. Anayeweza kuwa ameandika haya hayupo. Ni kama kibao kilivyosema: hapana Fisi."

"Hapana!" walijibu wote.

Tai akakunjua mbawa, akafungua mdomo, akaukaribia mfupa taratibu, taratibu sana, kama alivyofundishwa.

"Pana!" alipiga kelele Fisi, akauachia mkia wake, akaruka juu ya meza akaukumbatia mfupa kwa mikono na miguu. "Pana! Pana! Hapa pana Fisi! Niliandika mimi! Ya Swala mimi, ya Twiga mimi, ya Kobe mimi, yote kumi na manne, na ile PA niliitoa mimi!"